Mafiga ya Kiende na Watu wa Televisheni

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Kitabu hiki si changu, ni cha watu wa televisheni. Wamesema kila familia inayotengenezewa nyumba iandike mambo yake, halafu siku ya mwisho mwenye nyumba asome kidogo mbele ya kamera. Winrose, binti yangu, alitaka kuandika yeye. Nikamwambia nyumba ni yangu na Kiswahili ninacho. Mimi Muthamia nimeendesha lori kati ya Meru na Mombasa mpaka nywele zikaota mvi, na Kiswahili changu kimeonja chumvi ya bahari, ingawa hapa Nkubu hakuna wa kukisifu. Mke wangu Kiende amesema, "Baba Winrose, andika, lakini usiandike juu yangu." Basi nimeanza na yeye.

Kipindi kinaitwa Sura Mpya. Wanachukua nyumba kuukuu, wanaifanya mpya, na Nairobi nzima inatazama. Winrose, ambaye ni mwalimu huko Embu, aliwapelekea picha ya nyumba yetu bila kuniuliza, tena ya upande wa nyuma, ule ulioinama. Nilikasirika mpaka jioni. Kisha nikakumbuka kwamba tarehe 13 Desemba watu wa Ishiara wanakuja kuleta mahari ya huyo huyo Winrose, na nilikuwa nimepanga kuwakalisha chini ya turubai. Nimemsamehe.

Jumatano, 8 Oktoba

Wamefika. Watu wa soko walidhani ni magari ya kampeni za uchaguzi, wakayakimbilia wakiomba fulana. Mzee mmoja alipewa kofia ya kampuni ya rangi, akaapa mbele ya watu kwamba chama hicho kina kura yake.

Mtangazaji ni msichana anaitwa Mukami. Jina ni la Embu, viatu ni vya Nairobi. Fundi mkuu ni Muchangi, mtu mpole, anapima kitu mara mbili kabla ya kukigusa. Walinisimamisha mlangoni, kamera usoni, majirani wote kwenye ua.

"Mzee," Mukami akauliza, "kabla tuanze, kuna kitu yoyote ungetaka tukuwekee? Kitu ya maana kwako?"

Nikavuta koti. "Hakuna. Tupeni vyote. Mimi ni mtu wa kisasa."

Muchangi akaniuliza taratibu, "Hata ya jikoni, mzee?"

"Hata ya jikoni!"

Watu walipiga makofi. Winrose alikuwa Embu, na Kiende alikuwa kwa jirani akitandika kitanda. Nilijisikia vizuri sana, nikapunga mkono kama mheshimiwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sheria yao ni kwamba tusikanyage kwetu wala kuchungulia mpaka siku ya ufunguzi, tarehe 15 Novemba. Tunakaa kwa jirani, Kaburu. Nimemwambia Kiende kwamba afadhali ningelala kwenye lori. Amenikumbusha kwamba lori niliuza.

Jumapili, 12 Oktoba

Huyu Kaburu ni jirani yangu tangu utotoni. Mwaka juzi ng'ombe wake aliingia kwangu akala migomba, na mpaka leo hajasema pole. Leo baada ya misa alinikatia kipande kikubwa cha nyama, nikala bila kumwangalia.

Jioni Kiende aliniuliza, "Uliwaambia wasiguse mafiga yangu?"

Nikajikatia tonge la ugali. Nikasema, "Niliwaambia."

Msomaji wa Nairobi huenda hajui, kwa hiyo nieleze. Kiende anapika katika jiko letu la nje, lile la mbao lililo jeusi kwa moshi, juu ya mafiga matatu aliyopewa na marehemu mama yangu siku alipoletwa kwetu. Kwetu mafiga ya mwanamke hayang'olewi na mtu mwingine akiwa hai. Akihama nyumba, anayabeba mwenyewe. Ukiona mafiga yametupwa nje, ujue mwenyewe amekufa, au mume amemfukuza. Hakuna maana ya tatu.

Na mimi nilisema hata ya jikoni, mbele ya kamera.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Kaburu anakoroma kama lori lenye mzigo likipanda kutoka bonde la Nithi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Juzi waliezua paa langu lote ili waweke jipya, na mbingu nayo ikasema haya. Redio inasema mvua hii ina jina, El Niño, na kwamba imetoka baharini mbali. Sijui tulimkosea nani huko. Mukami alikuja mbio kwa Kaburu amelowa, akisema ukuta wa matofali mabichi utaanguka. Sikuruhusiwa kwenda. Nilisimama uani nikitetemeka, nusu kwa baridi na nusu kwa hasira.

Kaburu alivua turubai lililofunika kahawa yake, akalibeba kichwani, akaenda kufunika ukuta wangu. Kahawa yake ikalowa. Aliporudi nilitaka kumshukuru, lakini nikakumbuka migomba. Nikamwambia tu, "Chai imebaki kwenye birika."

Jumanne, 28 Oktoba

Barabara ya Embu imekatika. Muchangi alikwenda kuleta mabati na amekwama upande wa pili. Vijana wa kupaka rangi wamebaki, hawana fundi wala kazi, wanacheza karata chini ya turubai. Mukami naye amehamia hapa kwa Kaburu. Viatu vyake vya Nairobi vilimezwa na matope, sasa anavaa gambuti za mke wa Kaburu na kubebesha kila mtu maswali.

"Mama, mbona unapenda kupikia kwa moshi? Macho haiumi?"

"Inauma," Kiende akamjibu. "Hata watoto wanauma, na tunazaa."

Mukami alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Nimeanza kumwona ni mtoto wa watu kama wengine.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua. Kiende ameuliza tena. Nimesema tena niliwaambia.

Jumapili, 9 Novemba

Ufunguzi umeahirishwa. Muchangi amerudi, sehemu ya safari kwa miguu, na mabati yanafuata kwa trekta. Sasa wanasema watamaliza katikati ya Desemba. Mukami ana wazo, na wazo lake limenikata maini: kwa nini ufunguzi usiwe tarehe 13, siku ya mahari? "Imagine, mzee! Wakwe wanaingia, nyumba inafunguliwa, sherehe mbili, kamera moja!" Winrose alikuwa amekuja kututazama, na amekubali. Kiende amekubali. Mimi nimekohoa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimevunja sheria. Wakati wa misa nilisema tumbo linaniuma, nikapita nyuma ya migomba, nikachungulia kwangu.

Jiko la nje halipo. Mahali pake pamekuwa na chumba chenye vigae vyeupe, sinki na meko ya gesi inayong'aa. Nilitazama mahali pa moto wa mke wangu nikaona sakafu safi. Mbele ya nyumba wamenijengea banda la gari, kwa kuwa niliwaambia nilikuwa dereva. Gari sina. Nyumba ni nzuri, sikatai, ni nzuri kuliko nilivyoota. Lakini tumbo likaanza kuuma kweli.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimngoja Muchangi njiani.

"Yale mawe ya jikoni mliweka wapi?"

"Mawe gani, mzee? Wewe ndio ulisema tutoe kila kitu. Niliwaacha nikaenda Embu, vijana wakasafisha. Hakuna kitu ilitupwa mbali, lakini mawe ni mawe."

Vijana nao hawakumbuki. Nimepekua shimo la takataka mpaka kiunoni. Nimepata kikombe changu kilichopotea mwaka wa tisini na mbili. Mafiga sijapata.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Kiende ameuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumapili, 23 Novemba

Nimemwambia Kaburu. Sikuwa na mwingine. Nilitegemea atanicheka, na kweli alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaiokota, akaketi.

"Muthamia," akasema, "wakwe wakija wakute mwanamke hana mafiga, watauliza ni nyumba gani hii wanachukua msichana. Na Kiende atasema nini?"

"Sijui."

"Atanyamaza. Yule akinyamaza ni mbaya kuliko radi."

Tumekubaliana. Jiwe ni jiwe. Tutatafuta matatu ya kufanana, tutayatia masizi, tutayapanga kwenye pembe ya jiko jipya, na Mungu atafumba macho. Nimemwambia pia kwamba ile migomba nimeisahau. Akasema, "Migomba gani?" Mtu huyu!

Jumanne, 25 Novemba

Leo niandike kirefu, maana bado masikio yanalia.

Mvua ilipopumzika tulishuka mtoni Thingithu, tukachagua mawe matatu mazuri, ya mviringo, yamelainishwa na maji. Tulipanda nayo kilimani kwenye gunia, tukiteleza hatua mbili mbele na moja nyuma. Kiende na mke wa Kaburu walikuwa wameenda sokoni na Mukami. Tuliwasha moto mkubwa nyuma ya zizi, tukaweka mawe katikati ili yapate masizi haraka.

Kaburu aliinama kupuliza. Nikasikia kitu kinalia ndani ya jiwe, chiii, na kabla sijauliza likapasuka. Sijasikia mlio kama huo tangu tairi lililonipasukia Mtito Andei. Vipande viliruka juu ya paa, ng'ombe akavunja zizi, na Kaburu akaruka kinyumenyume ndani ya mtaro wa maji akiwa na kaa la moto kwenye suruali. Ng'ombe naye, kwa mazoea, akaenda moja kwa moja kwenye migomba yangu.

Tulikuwa bado tunamfukuza ng'ombe, Kaburu akiwa na tundu kwenye makalio ya suruali, ndipo akina mama wakatokea njiani.

"Kumetokea nini?" Kiende akauliza. "Tumesikia mlio."

"Radi," nikasema.

Aliangalia juu. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima, mbingu zilikuwa za buluu tupu.

"Radi," akasema, akaingia ndani.

Ndipo nilipokumbuka mama yangu, marehemu, alivyokuwa akisema jiwe la mto halikai motoni, kwa sababu limekunywa maji. Aliyafuata yale ya Kiende juu kabisa mlimani, mahali pakavu. Mimi nilikuwa kijana na sikusikiliza, kwa kuwa mawe ni mambo ya wanawake.

Alhamisi, 27 Novemba

Tumepanda mlimani. Tumepata matatu makavu. Kaburu amekataa kuinama tena. Mimi ndiye niliyepuliza.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Mabati yamemalizika kupigwa. Hata kutoka huku nasikia mvua inavyoimba juu yake. Watu wa kampeni walipita na spika, hakuna aliyewasikia.

Jumanne, 9 Desemba

Muchangi ameniahidi kuingiza mawe yetu jikoni kwa siri. Aliniangalia kwa huruma. Siwezi kula. Kiende haulizi tena.

Jumapili, 14 Desemba

Jana sikuandika. Naandika leo, na nitaandika yote.

Asubuhi mvua iliacha. Watu walijaa barabarani toka kwa Kaburu hadi kwangu. Wakwe kutoka Ishiara walifika mapema: kijana Mutegi, baba yake mzee Mbaka, mama yake Wambeti, na wazee wao. Walibeba kitita cha miraa cha heshima kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama tunavyotaka sisi Wameru. Kwao mambo hayo hayako, ilibidi wakitafute mpaka mji wa Maua, na mzee Mbaka alikishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Nilimpenda papo hapo.

Desturi ya kipindi ni kuwafunga wenye nyumba kitambaa machoni mpaka wafike mlangoni. Mimi nilikataa, nikasema dereva hafungwi macho. Kiende alifungwa kwa leso yake mwenyewe. Mukami akamshika mkono, kamera ikatangulia kinyumenyume, mimi nikafuata nikiwa na jasho mgongoni.

Vijana wa rangi walikuwa wamepamba njia ya kutoka langoni hadi mlangoni kwa mawe, safu huku na safu huku, yote yamepakwa chokaa nyeupe. Nilidhani yameletwa na lori. Yalipendeza.

Tulikuwa karibu kufika. Kiende akaguswa mguu na jiwe, akasimama.

"Sorry mama, step kidogo tu tumefika," Mukami akasema.

Kiende hakusonga. Aliutoa mkono wake kwa Mukami, akainama, akaligusa lile jiwe. Alipitisha vidole juu yake, taratibu, akazunguka ubavuni mpaka kwenye pengo dogo. Nami nikalijua pengo lile. Ni pale alipoangushia chungu chake cha kwanza, wiki ya kwanza ya ndoa, na mama yangu akacheka akasema nyumba imefunguliwa.

"Hili ni langu," Kiende akasema.

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati mapya. Mukami akampungia mkono mpiga picha asizime. Mke wangu alipiga magoti kwenye matope na gauni lake jipya, leso bado machoni, akaanza kupapasa safu ile jiwe moja baada ya jingine. Hili akaliacha. Hili akaliacha. Hili akalivuta. Wakati huo Wambeti, mama yake Mutegi, alitoka katikati ya wageni bila kuitwa, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kumsafishia matope mbele ili apite. Wala hawakuwa wamesalimiana bado.

La tatu lilikuwa karibu na mlango. Alipolipata alifungua leso. Hakutazama nyumba. Alilipindua jiwe, na chini, mahali ambapo brashi haikufika, lilikuwa jeusi.

Ndipo akanitazama mimi.

Nilikuwa na maneno mengi niliyoandaa. Yote yalikimbia. Nikasema, "Ni mimi niliyesema watoe. Nilitaka watu wapige makofi. Nisamehe, Mama Winrose." Nilisema kwa Kiswahili, kamera ikasikia, na Nairobi nzima itasikia.

"Nilijua tangu siku ya radi," akasema. "Nilikuwa nangoja kuona utafika wapi."

Kaburu, nyuma yangu, akasema kwa sauti, "Alifika mpaka mtoni!" na watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, na macho yangu yalikuwa na maji. Kiende alijaribu kukaza uso. Hakuweza.

Nilitaka kumsaidia kubeba, akanipiga mkono. Aliyabeba mwenyewe, moja moja. Aliingia ndani, akapita sebuleni bila kutazama makochi, akafika kwenye chumba cha vigae. Akagusa meko ya gesi, akasema ni nzuri, itachemsha maziwa. Akayaona mawe yetu ya uongo pembeni, na masizi yake ya wiki mbili.

"Na hizi ni za nani?"

Kaburu alikuwa anachunguza dari.

Kisha akatoka tena nje, akazunguka, akaliona banda la gari: paa zuri, nafasi, hewa inapita, moshi una pa kwenda. Akaweka la kwanza chini, la pili, la tatu, akayasukuma kwa kisigino mpaka yakatulia. Mke wa Kaburu akaleta moto kwenye kigae cha chungu. Mukami ndiye aliyeleta kuni, na gambuti zake. Nusu saa baadaye uji ulikuwa unachemka mahali ambapo lingekaa gari langu.

Mzee Mbaka alipewa kiti cha heshima sebuleni, kwenye kochi lenye nailoni bado. Alikaa kidogo akitazama kuta, akaniuliza, "Mkwe, kule kunakonukia ni wapi?" Tukahamia wote bandani. Mahari yalizungumzwa pale, machoni moshi na mikononi vibuyu vya uji, na kitita cha miraa nikakifungua mbele ya moto. Winrose ameolewa vizuri. Wambeti alisema jambo moja tu kabla ya kuondoka: mwakani atapanda mlimani kwao kumtafutia Winrose mawe yake. Nikamwambia achague makavu. Akasema, "Nani hajui hivyo?"

Kuhusu kusoma kitabu hiki mbele ya kamera, Mukami aliniomba nichague ukurasa wowote. Nilisoma wa tarehe 18 Oktoba. "Mvua." Wakapiga makofi.

Jumamosi, 17 Januari 1998

Mvua imekatika. Mahindi yaliyobaki yamesimama.

Kumbe televisheni yao haifiki huku. Tumetengenezewa nyumba na stesheni tusiyoiona. Mukami ametuletea kaseti mwenyewe, na leo tumeitazama katika hoteli moja pale Nkubu yenye video, mimi, Kiende, Kaburu na mkewe. Jiko la gesi limeonyeshwa kwa muda mfupi sana. Kiende kwenye matope ameonyeshwa mpaka mwisho. Mhudumu alisahau chai yetu akitazama. Kiende alisema tu kwamba gauni lilikuwa linamkaa vizuri, na chini ya meza akanishika mkono, kitu ambacho hajafanya mbele ya watu tangu tuoane.

Nyumba inanipendeza kila asubuhi. Gesi inachemsha maziwa. Chakula kinatoka bandani. Kwenye njia ya langoni palikuwa na mapengo matatu, na Kiende ameyaziba mwenyewe kwa yale mawe yangu na Kaburu. Amekataa yapakwe chokaa. Kwa hiyo njia yote ni nyeupe, isipokuwa matatu, meusi tititi. Kila mgeni anayeingia anauliza hayo ni ya nini, na kila mara mke wangu anasema, "Muulize Baba Winrose."